MAONI: Beta wako akiugua, usimmwage chooni, tibu maji kwanza

Wacha nikuulize. Umeamka, umewasha taa, na beta wako amelala chini ya tangi. Mapezi ambayo juzi yalikuwa yanapepea kama leso kwenye kamba leo yameshikana kama mwavuli uliofungwa. Umemtupia punje ya chakula, imempita karibu na mdomo, hata hajageuka. Unafanya nini?

Wengi wenu nawajua. Unapiga picha, unaituma kwa kikundi cha WhatsApp, na kabla chai haijachemka una madaktari kumi na wawili. Mmoja anasema ni baridi. Mwingine anasema fungua kapsuli ya amoksilini umwagie. Wa tatu anakutumia video ya jamaa wa Marekani mwenye kabati zima la dawa ambazo hapa huzipati. Halafu kuna yule, hakosi, anayefunga mjadala: "Si ni samaki tu? Mwaga chooni ununue mwingine."

Ni huyu wa mwisho amenifanya niandike. Sidhani ni mkatili. Anasema tu kwa sauti kile ambacho wengi wanafikiria kimyakimya, kwamba thamani ya kiumbe ni risiti yake. Beta anapatikana kwa pesa ambazo msee anamaliza Ijumaa moja jioni na Jumamosi hakumbuki zilienda wapi. Sasa mtu akisikia unatafuta hita, kipimajoto na dawa ya kutoa klorini, vitu ambavyo kwa jumla vinapita bei ya samaki mara kadhaa, anapiga hesabu na kuona umerogwa.

Mimi naona hivi: ukinunua kiumbe ambaye hawezi kutoka mahali ulipomweka, deni lako kwake halipimwi kwa bei uliyolipa. Na deni lenyewe, mara nyingi, hulilipi kwa dawa. Unalilipa kwa maji.

Hebu kwanza umjue huyu samaki. Kwao ni Thailand, kwenye mashamba ya mpunga, vinamasi na mitaro yenye maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani mengi na joto mwaka mzima. Watu wa kule walimfuga tangu zamani kwa sababu madume wakikutana ni vita, na mapigano hayo yakawa ya kuchezea kamari. Jina lake la kisayansi, Betta splendens, alilipata mwaka wa 1910 kutoka kwa Charles Tate Regan, mtaalamu Mwingereza wa samaki. Mwaka wa 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Yaani huyu unayemwita "samaki tu", kwao ana heshima kama ya simba kwenye nembo yetu.

Ana kiungo fulani juu ya mashavu yake ya kupumulia kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa moja kwa moja, kama wewe na mimi. Kiungo hiki ndicho kimemponza. Kwa sababu anaweza kuvumilia maji yenye oksijeni kidogo, anauzwa akiwa ndani ya kikombe cha plastiki, na anayemnunua anampeleka nyumbani kumweka kwenye chupa ya maua juu ya meza ya TV. Eti amezoea. Hata wewe unaweza kukwama kwenye lifti kutoka asubuhi hadi jioni na utoke ukiwa hai. Hakuna landlodi atakayekuja kukuambia hapo ni bedsita.

Sasa mtoe kwenye joto lake umlete Nairobi. Huu mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto linashuka hadi nyuzi 12 hivi, siku nyingine chini ya hapo. Beta anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28. Wewe una blanketi na soksi. Yeye mwili wake unafuata joto la maji, hana jingine. Maji yakipoa, kila kitu ndani yake kinapunguza mwendo: hamu ya kula inaisha, chakula alichokula juzi kinakaa tumboni, na kinga ya mwili inalala. Ndiyo maana kuanzia Juni hadi Agosti simu yangu haipumziki. Msomaji wa Mombasa, hii si shida yako sana. Wewe angalia tangi lisikae dirishani likapikwa na jua. Wa Eldoret na Limuru, poleni.

Na bado hatujafika kwenye uchafu.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliisha kabla ya masomo, kwa hivyo haya sikufundishwa na profesa. Lakini hayahitaji profesa. Samaki anaishi ndani ya choo chake. Uchafu wake mwingi unatoka kwenye mashavu ukiwa amonia, na amonia humchoma mashavu hayohayo. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wazuri wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu bakteria wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina noma ikiwa kidogo. Bakteria hao wanaishi kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe na kwenye vioo. Huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga vya kutosha. Sasa mtu ananunua tangi Jumamosi, ananunua samaki Jumamosi hiyohiyo, Jumatano samaki amelegea, Ijumaa anaenda kugombana na muuzaji kwamba aliuziwa samaki mgonjwa. Huenda aliuziwa mzima kabisa.

Kisha kuna wale wasafi. Kila Jumapili wanatoa kila kitu, sponji inakamuliwa chini ya mfereji, changarawe inapigwa sabuni, vioo vinang'aa. Klorini ya mfereji imeua bakteria wote, na Jumatatu samaki anaanza maisha kwenye maji mapya yasiyo na mlinzi. Sponji isuuze kwenye maji ya tangi uliyoyatoa, basi. Ikiwa ya kahawia, iache ikiwa ya kahawia.

Kuna jambo jingine ambalo video za Marekani hazikuambii, nalo ni mgao wa maji. Wiki hii una maji ya mfereji yenye klorini. Wiki ijayo mifereji imekauka na landlodi ameleta boza, na dereva wa boza hajui au hasemi alichota wapi. Wiki ya tatu ni maji ya kisima cha jirani. Kwako yote ni maji, unaoga, unapika. Kwa beta, uchachu na uchumvi wa maji umebadilika mara tatu kwa mwezi. Samaki akilegea, swali langu la kwanza kwa mwenyewe huwa, "Maji ya mwisho yalitoka wapi?" Wengi wanaduwaa. Wanatarajia niulize kuhusu madoa.

Nikupe mfano wa karibu. Jirani yangu ni fundi wa simu, mtu wa mikono mitulivu, na beta wake wa bluu alianza kuliwa mkia. Ncha zilikuwa nyeusi kama zimeguswa na kiberiti, kisha zikawa zinanyofoka vipande vipande. Tayari alikuwa ameshauriwa dawa tatu tofauti. Tangi lake lilikuwa la lita 15, halina hita, na filta ilikuwa imezimwa kwa sababu ya kelele usiku. Tulichofanya ni kidogo hadi anaona aibu kukisimulia. Filta ikawashwa, mdomo wake ukafungwa kipande cha sponji ili maji yasimsukume samaki. Hita ikanunuliwa mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo tangi lilikuwa linavishwa shuka usiku. Kila jioni akatoa lita 4 za maji na kurudisha lita 4 zilizotolewa klorini, zenye joto sawa na la tangi. Siku kumi. Hakuna dawa iliyofunguliwa. Wiki ya tatu ncha za mkia zilianza kutoa utando mwembamba usio na rangi, kama nailoni. Hapo jamaa alishtuka tena, akidhani ni ugonjwa mpya. Hapana. Pezi jipya huanza hivyo, bila rangi, na rangi hufuata baadaye.

Kwa hivyo utaratibu ninaoupigania ndio huu, na nitaueleza polepole kwa sababu ukiwa na wasiwasi unaruka hatua.

Pima joto kwanza. Kipimajoto, si kidole. Kama una vifaa vya kupimia amonia na nitriti, pima. Zote mbili zinatakiwa kuwa sufuri. Kama huna, chukulia kwamba maji ni mabaya na ubadilishe robo au theluthi yake siku hiyohiyo. Usibadilishe yote kwa mkupuo, hilo nalo ni pigo. Maji mapya yatoe klorini kwanza. Watu husema acha ndoo wazi saa 24, na kweli klorini ya kawaida hutoka hivyo, lakini kuna maji yanayotiwa kloramini, na hiyo haiondoki kwa kusubiri. Chupa ndogo ya dawa ya kutoa klorini hukaa miezi mingi kwa mtu mwenye tangi moja. Ni ununuzi wa kwanza ambao ningekulazimisha kama ningekuwa na uwezo.

Kisha joto. Najua unachowaza, tokeni. Tupige hesabu basi. Hita ya wati 25 ikiwaka saa 24 bila kupumzika inakula yuniti 0.6 za stima. Na haiwaki bila kupumzika, kwa sababu ina kidhibiti. Maji yakifika nyuzi ulizoweka inajizima. Linganisha na ile pasi unayowasha kwa shati moja, au birika la maji ya kuoga. Stima ikipotea, vika tangi blanketi na uache upenyo wa hewa. Usimwage maji moto ndani. Ukipandisha joto, lipande nyuzi moja au mbili kwa siku.

Baada ya hapo mwache apumzike. Zima taa ya tangi. Punguza kina cha maji ili asihangaike kupanda kuvuta hewa, na umwekee jani pana karibu na juu alalie. Usimlishe siku moja au mbili. Hafi njaa. Beta mzima anaweza kukaa hivyo bila shida, na wengi wanaougua tumbo wamelishwa kupita kiasi. Punje mbili au tatu mara moja au mbili kwa siku zinamtosha. Huko porini anakula wadudu na viluwiluwi vya mbu, si mchele, si mkate. Nimeona mtu akimpa beta ugali. Acha.

Ni sasa tu, maji yakiwa safi na yenye joto, ndipo unaangalia ugonjwa wenyewe. Na hapa ndipo dawa ina kazi yake, mimi sipingi dawa. Ukiona nukta nyeupe kama chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi, hicho ni kimelea, na dawa zake zipo kwenye maduka ya samaki. Lakini jua kinavyofanya kazi. Kikiwa ndani ya ngozi ya samaki, dawa haikifikii. Hudondoka, kinashuka chini ya tangi, kinagawanyika kuwa mamia, na hao wadogo wanapoogelea kutafuta samaki ndipo dawa inawapata. Maji yenye joto yanaharakisha mzunguko huo hadi siku chache. Kwenye maji baridi huchukua wiki. Ndiyo maana mtu anaona nukta zimepotea siku ya tatu, anaacha dawa, na wiki ijayo analia. Endelea hadi maelekezo ya chupa yaishe.

Ukimmulika kwa tochi ya simu ukaona vumbi la dhahabu, hicho ni kimelea kingine, kinaua haraka, nacho kina dawa. Akivimba tumbo na kuelea upande, anza na kumfungisha chakula siku mbili tatu. Magamba yakisimama yote kama koni ya msonobari, hapo tutarudi.

Chumvi inasaidia baadhi ya haya, hasa mapezi yaliyochanika na vidonda vidogo. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kwa kila lita 4 za maji. Iyeyushe pembeni na uitie kidogo kidogo, si zaidi ya siku kumi. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya yale maji uliyotoa tu, kwa sababu chumvi haipai na mvuke, inabaki. Na tafadhali soma vizuri pakiti. Magadi si chumvi. Magadi hupandisha uchungu wa maji, na maji yakiwa hivyo amonia inakuwa kali zaidi. Unaweza kumuua samaki ndani ya saa chache ukidhani unamtibu.

Sasa kapsuli. Hapa sitakuwa mpole.

Tabia ya kufungua kapsuli za amoksilini au tetrasaiklini za binadamu ndani ya tangi imeenea, na kila anayeifanya ana rafiki ambaye samaki wake "alipona". Angalia inavyofanyika. Samaki wa maji baridi hanywi maji kama unavyofikiri, kwa hivyo sehemu kubwa ya hiyo dawa haiingii mwilini mwake. Bakteria wa jamii ya Aeromonas, ambao huhusika sana na vidonda na kuoza kwa mapezi, kwa kawaida hawashtuki na amoksilini. Tetrasaiklini nayo hushikana na kalisi kwenye maji magumu na kupoteza nguvu. Wanaokufa kwa urahisi ni wale bakteria wazuri wa kwenye sponji, na wakifa, amonia inapanda. Yaani umemwondolea mgonjwa hospitali. Kisha maji hayo unayamwaga kwenye sinki, yanaingia kwenye mabomba yenye bakteria wa kila nyumba ya ploti, dozi ndogo isiyoua bali inayofundisha. Ile siku mtoto wa jirani atapewa dawa hiyohiyo ikose kufanya kazi, hakuna atakayekumbuka beta wa mtu. Antibiotiki zinahitaji daktari, hata zikiwa za samaki.

Utaniuliza, daktari gani? Ni kweli, wengi wa madaktari wa mifugo hapa mjini wanajua ng'ombe, mbwa na paka. Lakini usiseme Kenya haijui magonjwa ya samaki. Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa, na tangu hapo kuna watu wengi wamezoea ngege na kambare wagonjwa. Bakteria anayemwekea ngege utando kama pamba hambagui beta. Ukikwama, tafuta mtaalamu wa samaki wa kufugwa umwelezee joto, ukubwa wa tangi na maji yalikotoka. Atakusaidia kuliko kikundi cha WhatsApp, hata kama atacheka kwanza.

Na kucheka watacheka. Kuna maneno mawili utaambiwa, na ninataka uwe na jibu.

La kwanza: hayo ni mambo ya wazungu. Shosho wangu kijijini akiona kuku amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, hasemi "si ni kuku tu". Anakata mshubiri, anautia kwenye maji ya kunywa, anamtenga na wengine, anamfunika na kikapu usiku, na asubuhi kitu cha kwanza ni kwenda kuangalia kama ameinuka. Hakuna aliyewahi kumwambia ameiga Ulaya. Kumtenga mgonjwa, kumpa joto, kumbadilishia maji: haya tunayafanya tangu zamani. Tofauti ni kwamba kuku ana mayai. Beta hana faida utakayoihesabu, na hapo ndipo tunaona aibu.

La pili ni zito zaidi: watu wanalala njaa na wewe unanunulia samaki hita. Sitalipuuza, kwa sababu mimi mwenyewe nimelala njaa kwenye mji huu. Lakini sijawahi kusikia mtu akiambiwa hivyo kwa sababu ya viatu, au mashine ya kucheza gemu, au chupa aliyofungua kilabuni. Huanza tu pesa zikienda kwa kiumbe mdogo. Kama huna uwezo wa hita, usimnunue beta. Hilo ni jibu la heshima kabisa na silicheki. Ukishamnunua, njaa ya mtu mwingine haiwi sababu ya wewe kumwacha huyu aoze akiwa hai mezani kwako.

Na usiniambie hasikii. Mwaka wa 2003 watafiti Lynne Sneddon, Victoria Braithwaite na Michael Gentle walichapisha kazi yao juu ya trauti, samaki yuleyule anayevuliwa kwenye mito ya Mlima Kenya. Walikuta kwamba kichwani ana neva za kutambua madhara. Waliodungwa asidi kali ya siki mdomoni walikuwa wakijisugua midomo kwenye changarawe, na waliodungwa hiyo au sumu ya nyuki walichelewa kurudi kula. Kuna wanasayansi wanaoendelea kubishana kama hayo ni maumivu kama yako. Wabishane. Mimi nikimwona kiumbe anasugua mahali pamechomwa, sihitaji mkutano.

Kuna sababu nyingine ambayo wanaocheka hawaioni. Wengi wetu tunaishi keja ambazo landlodi amebandika karatasi mlangoni, hakuna mbwa, hakuna paka. Umehama kijijini, shift yako inaisha saa nne usiku, na ukifungua mlango kitu pekee kinachosogea ni yule samaki, anayekuja mbele ya kioo kwa sababu amejua mkono wako ndio chakula. Sisemi anakupenda. Sijui beta anapenda nini. Nasema tu kwamba siku anapoacha kuja mbele ya kioo, unaona. Usikubali mtu akuambie hukuona kitu.

Tulisema tutarudi kwenye magamba yaliyosimama. Hali hiyo mara nyingi humaanisha figo zimeshindwa na maji yanajaa mwilini, na wanaopona ni wachache. Unaweza kujaribu maji safi na joto kwa siku chache. Lakini akiwa hali, hawezi kupanda kuvuta hewa, anagalagala, basi kumwacha "afe mwenyewe" ni wewe kukwepa kazi. Chooni hapana, ataingia kwenye maji baridi na machafu akiwa hai. Kwenye friza pia hapana, ataganda polepole. Njia ambayo hata madaktari wa mifugo wanaitambua iko kwenye pua ya kila mtu wa Pwani: karafuu. Mafuta ya karafuu yana kitu kinachoitwa yujeno, ambacho kwa kiasi kidogo humlaza samaki na kwa kiasi kikubwa hummaliza akiwa amelala. Mweke kwenye chombo chenye lita moja ya maji ya tangi lake. Matone manne au matano yatikise kwenye chupa ndogo yenye maji vuguvugu hadi yawe kama maziwa, kisha umimine polepole. Akishalala ubavu na hashtuki ukimgusa, ongeza mengine kama kumi yaliyotikiswa vivyo hivyo. Mashavu yakitulia, subiri angalau nusu saa nyingine kabla ya kumtoa. Mzike kwenye udongo, hata ndani ya chungu cha maua.

Kama umechoka kumtunza na yuko mzima, mpe mtu mwenye tangi. Usimpeleke mtoni, usimpeleke bwawani ukidhani unamwachilia huru. Kamba wa Louisiana aliletwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1970 na hajawahi kuondoka. Gugumaji linalofunga mitumbwi kule Kisumu asili yake ni Amerika Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa sababu ya ua lake zuri.

Na tangi likibaki tupu, usilijaze kesho yake. Kama alikuwa na zile nukta nyeupe, liache wiki mbili likiwa na maji ya joto na bila samaki. Kimelea kikikosa wa kumshika hufa. Lakini bakteria wa kwenye sponji nao wanakula, kwa hivyo tupia punje moja ya chakula kila siku ya pili ioze humo. Kama hujui alikufa na nini, osha kila kitu na jiki, suuza hadi harufu iishe, anika juani na uanze upya. Hizo wiki 4 hadi 6 za kungoja bakteria zinatosha kabisa kuweka akiba ya hita.